Telefone ya mufanyakazi haiko tena kitu ya raha



Wakati sendika inaketi na wakubwa wa kampuni, mambo yenye tunaweka pa meza yanajulikana toka zamani: mushahara, nyumba, matunzo ya hospitali, masomo ya watoto, bus ya kwenda ku kazi, chakula cha saa sita. Telefone haikukuwa mu ile orodha. Iliwekwa upande wa vitu vya raha, pamoja na bia na viatu vya siku ya mungu.

Leo tunasema wazi: ile hesabu imekufa. Telefone yenye intaneti imeingia mu kazi yetu, mu mushahara wetu, mu masomo ya watoto wetu. Bei yake inakula feza ya nyumba kila siku, na hakuna mutu anayeiandika ku karatasi ya malipo. Juu ya ile tunaomba ihesabiwe sawa vile tunahesabu bunga na makala.

Tuanze na kazi. Mu mine za Haut-Katanga na za Lualaba, watu wengi hawaandikwe tena na kampuni kubwa yenyewe. Wanaandikwa na kampuni za sous-traitance, zile zenye sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilitaka ziwe mu mikono ya Wakongomani. Zile kampuni, nyingi hazina hata ukuta wa kubandika tangazo. Tangazo linapita ku WhatsApp: nani anaingia zamu ya usiku, nani anapumzika, bus inapita wapi, nani anapashwa kuleta karatasi za munganga. Mufanyakazi wa siku asipokuwa na mega magaribi ile, anaamuka saa kumi ya usiku, anafika pa kituo cha bus, na wanamujibu: «Tuliandika jana, hukuona?» Nafasi yake imepewa mwingine. Amepoteza siku muzima ya malipo juu ya mega ya franka mia tano. Ile njo raha wanatuambia?

Kisha, mushahara wenyewe. M-Pesa ilifunguliwa mu Kongo mwaka 2012, na leo M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimekuwa banki ya mutu mudogo. Hatukatae, jambo hili lilisaidia. Mume mwenye kufanya kazi Fungurume ao Kolwezi anaweza kutuma feza ya bunga Katuba kwa dakika moja, hapana tena kumupatia dereva bahasha na kuomba Mungu ifike. Lakini tuangalie njia ya ile feza. Mushahara umekatwa takse ya Leta, umekatwa CNSS. Ukitumwa ku telefone ya muke, unakatwa juu ya kutuma. Muke akienda ku kabine kutosha, unakatwa juu ya kutosha. Feza ya jasho moja inapita mu milango ine, na ku kila mulango kuna mwenye kunyoosha mukono.

Na watoto? Kila mwaka, wakati matokeo ya Examen d'État yanatoka, wazazi wanayatafuta kwa SMS yenye kulipisha. Mutoto anamaliza humanités, na jibu lake linauzishwa kwa inite. Yule wa universite anapata kozi mu telefone, kwa faili. Musichana mwenye kutafuta kazi anatuma barua yake kwa email. Mwenye hana telefone ya akili, kama vijana wanaiita, anabakia nje ya mulango.

Wazee wetu wanakumbuka Telecel. Ile kampuni, yenye ilianzishwa na Miko Rwayitare, ilianza Kinshasa mu miaka ya 1980, wakati wa Mobutu, na ilikuwa mu zile za kwanza kabisa kuleta telefone ya mukono mu Afrika. Telefone moja ilikuwa inaomba maelfu ya dola. Waziri, jenerali na mucuruzi mukubwa njo walikuwa nayo. Mufanyakazi wa Gécamines alikuwa anaiona paka ku televizyo. Celtel ilifika mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, na mulango ukafunguka kwa watu wote. Mwaka 2003 na 2004, wakati Gécamines ilirudisha ku nyumba zaidi ya wafanyakazi 10.000 mu ile tunaita départ volontaire, wako wenye walichukua feza kidogo yenye walipewa, wakaweka meza, parasoli na telefone mbele ya lango, wakauzisha dakika. Ile kabine ililisha watoto wengi mu muji huu. Ni wakati ule pia tulijifunza kubipa: unaita mara moja, unakata, na mwenye inite anakurudilia.

Kisha majina yakageuka. Celtel ikakuwa Zain, na mwaka 2010 ikakuwa Airtel. Tigo ikauzishwa kwa Orange mwaka 2016. Africell nayo ikaingia. Bei ya kupiga telefone ilishuka kweli; hatutasema uongo juu ya ile. Lakini wakati sauti ilishuka bei, maisha yalihama, yakaenda ku mega. Na ku mega njo kuna shida yetu ya leo.

Shida ya kwanza ni dola. Ku telefone zetu, inite 100 ni dola moja. Forfe inapangwa mu dola, sisi tunalipa mu franka. Dola ikipanda, bei ya mega mu franka inapanda bila mukutano, bila barua, bila kutuuliza. Mushahara wa franka, wenyewe, unangoja mukutano, unangoja barua, unangoja mwaka. Na mwisho wa mwaka 2025, wakati franka ilipata nguvu mbele ya dola, wale wenye kontra ya dola na wenye kulipwa mu franka njo walilia: dola ileile ilizaa franka kidogo, lakini pa soko bei hazikukimbia kushuka. Dola ipande ao ishuke, muzigo unarudi ku bega moja.

Shida ya pili ni mega ndogo-ndogo. Tuchukue hesabu, bila kutaja kampuni. Mutu ananunua mega ya franka 500 kila siku. Siku 30, ni franka 15.000. Mwenzake mwenye feza mwanzo wa mwezi anatosha 15.000 mara moja, ananunua forfe ya mwezi, na anapata mega mingi kuliko zile ndogo zote pamoja. Ni sawa na makala: mwenye kununua gunia analipa kidogo ku kila kilo, mwenye kununua ka musahani analipa mingi. Masikini analipa zaidi juu yeye ni masikini. Kila mama wa nyumba anajua ile hesabu bila kusoma.

Shida ya tatu inapita hata makala. Ukinunua gunia ya bunga pa soko ya Kenya, muuzishaji haji ku nyumba yako saa sita ya usiku kubeba yenye ilibakia mu gunia. Lakini mega ya saa 24, saa ikifika, inakufa, hata kama hukuigusa. Mufanyakazi wa zamu anaingia chini ya ardhi ao mu usine saa moja ya asubuhi, telefone inabakia mu kabati ya nguo, anatoka magaribi. Mega yenye alinunua jana magaribi imekufa mu kabati. Ameilipa, hakuitumia, na hakuna mutu atamurudishia.

Shida ya ine ni vitu vyenye vinaingia mu telefone bila kukaribishwa: muziki wa kungojesha, habari za mupira, maombi ya asubuhi, michezo ya bahati. Kidole kinagusa kidogo tu, na kila siku inite zinakatika. Wengi kati yetu tuliona inite zikiisha hivi, tukaita nambari ya kuomba musaada, tukasikiliza muziki dakika kumi, tukachoka. Mutu mwenye kutoka zamu ya saa kumi na mbili hana nguvu ya kupigana na mashini yenye kusema «bonyeza moja, bonyeza mbili».

Tusisahau RAM. Mwezi wa Septemba 2020, Leta ilianza kukata inite zetu juu ya ile orodha ya telefone yenye iliitwa Registre des appareils mobiles. Telefone ya 2G ililipishwa dola 1 kwa mwaka, ile ya 3G ao 4G dola 7. Walisema ni juu ya kupigana na telefone za kuibwa na za uongo. Tufanye hesabu ya wakati ule. SMIG, malipo ya chini kabisa yenye sheria iliweka toka 2018, ilikuwa franka 7.075 kwa siku. Dola ilikuwa karibu franka 2.000. Dola 7 ni franka 14.000: siku mbili nzima za malipo ya chini, juu ya kuwa tu na telefone mu mufuko. Na haikukatwa siku moja yenye unaona. Ilikatwa kidogo-kidogo, kila mara unaweka inite. Watu walilalamika mu nchi yote, mambo yalifika ku Assemblée nationale mwaka 2021, waziri akaulizwa, na mwaka 2022 ile kazi ya kukata ilisimama. Tuweke ile mu kichwa: ilisimama juu watu walisema, na walisema pamoja. Mutu mumoja na telefone yake mu mukono hangeweza kuisimamisha.

Sasa telefone yenyewe. Pa soko Mzee na mu maduka ya katikati ya muji, vitu haviko haba. Itel, Tecno na Infinix, zote tatu za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, zimejaa ku meza. Samsung iko. Zenye zilitumika mbele, zenye kutoka Dubai, ziko. Zenye kufanana na jina kubwa lakini ndani haziko kitu, nazo ziko mingi. Kwa hiyo hatulalamike juu ya kukosa telefone pa soko. Tunalalamika juu ya namna ya kuilipa. Mufanyakazi wa siku hawezi kutosha dola 70 ao 80 mara moja bila kugusa feza ya masomo. Basi ananunua ya bei chini, ya occasion, yenye batri imechoka. Nyumbani umeme wa SNEL unaenda na kurudi. Analipa tena mutu mwenye jenereta ao sola juu ya kuchaji. Kisha miezi sita telefone imekufa, anaanza tena. Ile ya bei chini njo inamutokea bei kali.

Na kuna neno lenye linatuuma sana. Ile batri ndani ya telefone iko na kobalti. Ile waya ndani iko na shaba. Zaidi ya nusu ya kobalti yenye inachimbwa mu dunia yote inatoka mu Kongo, na ile kobalti inatoka hapa kwetu: Kolwezi, Fungurume, Likasi, Kambove, Lubumbashi. Tunaitosha mu udongo, inapita Kasumbalesa juu ya kamyo, inafika bahari, inafika China, na inarudi mu kakartoni kazuri na bei yenye hatuwezi. Hatuseme telefone ipewe bure kwa kila mutu wa Katanga. Mu telefone moja kuna gramu chache tu za kobalti, na bei yake ni kazi ya watu wengi mu nchi nyingi. Lakini mutu mwenye kulima mahindi, wakati wa njaa, ana haki ya kuuliza sababu gani sahani yake ni tupu.

Tunajua jibu la kampuni za telefone, na tutaliandika hapa kwa haki. Wanasema: antena mingi inatumika na mazuti juu umeme hakuna. Barabara ni mubaya, kupeleka fundi mu pori ni gali. Takse na malipo ya Leta ni mingi, na juu ya yote kuna TVA ya 16%. Ile yote ni kweli. Lakini kama takse ni muzigo, waende kuzungumuza na Leta mbele ya watu, na watuonyeshe bei gani itashuka siku takse itashuka. Na kufa kwa mega saa 24 hakuna uhusiano na mazuti. Kukata inite juu ya muziki wenye mutu hakuomba hakuna uhusiano na barabara.

Umoja wa Mataifa nao uliweka kipimo. Mwaka 2018, kamati yake ya mambo ya intaneti iliweka shabaha kwamba mpaka 2025, intaneti ya bei ya chini isipite 2% ya kipato cha mwezi cha mutu. Tupime na malipo yetu ya chini. SMIG ya 7.075, siku 26, ni franka 183.950. Ile 15.000 ya mega ndogo-ndogo ni zaidi ya 8%. Mwaka 2025 Leta ilipandisha SMIG mpaka 14.500 kwa siku, ni kusema franka 377.000 kwa mwezi, na ile 15.000 ilikuwa ingali karibu 4%. Ni telefone moja, mu nyumba moja, bila kuhesabu muke, bila kuhesabu watoto wakubwa, bila kuhesabu kutosha feza ku kabine. Na ninyi munajua wangapi kati ya wafanyakazi wa siku wanapata ile SMIG muzima.

Inawezekana kufanya namna ingine? Tuangalie Kenya, ile nchi, haiko komini yetu. Mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google walianza mupango wenye waliita Lipa Mdogo Mdogo: mutu anatanguliza shilingi 1.000, kisha analipa shilingi 20 kila siku, mpaka telefone ya 4G inakuwa yake. Mwaka 2023 usine ya kuunganisha telefone ikafunguliwa Athi River, karibu na Nairobi. Haiko paradiso: ukikosa kulipa, telefone inafungwa, na mwisho wa hesabu unalipa zaidi ya mwenye alinunua kwa feza mara moja. Lakini inaonyesha kwamba mwenye mushahara mudogo anaweza kupata telefone ya kweli bila kuuzisha kitanda. Sisi tuko na kitu chenye wale hawakukuwa nacho: tuko na kampuni yenye kutulipa kila mwezi na sendika yenye inaweza kuzungumuza kwa mamia ya watu mara moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na tunataka yasomwe ku kila chantier.

Kwa Leta na ARPTC, ile mamlaka yenye iliundwa mwaka 2002 juu ya kusimamia telefone: bei ya forfe itangazwe mu franka, na isigeuke bila kuonya watu siku nyingi mbele. Mega yenye mutu alilipa isife kabla ya mwezi. Hakuna huduma ya kulipisha iingie mu telefone bila mwenyewe kukubali wazi, kwa luga yenye anasikia: Kiswahili hapa, Lingala, Tshiluba na Kikongo kule kwingine. Na RAM isirudi na jina lingine.

Kwa kampuni za telefone: mufanye forfe ya wafanyakazi wa zamu, yenye kuhesabu siku za kazi na haiko saa za usiku. Na mutu akiita juu ya inite zenye zilikatwa bure, ajibiwe na mutu, na arudishiwe.

Kwa kampuni za mine na za sous-traitance: kama munaita mufanyakazi kwa WhatsApp, mumulipie mega ya kuwajibu. Ni chombo cha kazi, sawa na kofia na botte. Tangazo la zamu libandikwe pia ku mulango, na mutu asipoteze siku yake juu hakuona ujumbe. Mukilipa kwa telefone, bei ya kutosha iwe juu yenu: mushahara wenye tuliandika mu kontra ufike muzima mu mukono. Na muweke wifi mu refectoire na mu kambi, mutu aweze kusalimia watoto wake wakati wa kupumzika.

Kwetu sisi wenyewe: delege wa kila kampuni aandike mu daftari, mwezi moja tu, watu wangapi walikosa zamu juu ya mega, wangapi walikatwa inite bure, na kila nyumba inatosha franka ngapi juu ya telefone. Mama wa nyumba, tunawaomba ninyi kwanza, juu ninyi njo munajua hesabu ya kweli. Muandike tarehe, saa na bei. Wakati tutaketi na wakubwa juu ya convention collective, hatutafika na kilio. Tutafika na daftari. Na pale mutu ataweka feza ya telefone pamoja, tununue kwa wingi kupitia sendika, kwa bei ya kuzungumuza, na kukatwa kidogo ku mushahara bila faida juu yake, telefone mupya yenye garanti, haiko occasion ya batri iliyokufa.

RAM ilituonyesha kitu kimoja: inite zinakatwa kwa kila mutu peke yake, lakini kukata kunasimama paka wakati watu wanaomba pamoja. Delege wako ni nani? Muulize kesho, mbele ya kuingia zamu, kama daftari imefunguliwa.